Mkebe Haurudi Mtupu

Mama yangu, Wamuyu, alikuwa mtu wa kuhangaika, na katika Hali ya Hatari iliyotangazwa na wakoloni alihangaika kupita kiasi. Tulikuwa tumefungiwa katika kijiji kilichozungushiwa handaki karibu na Manyatta, baba yuko kizuizini, ng'ombe wetu amechukuliwa na serikali kuwa faini. Nami nikavimba miguu kwa njaa. Kilichoniokoa ni mkebe wa maziwa ya unga, msaada kutoka ng'ambo, na sharti lake lilikuwa moja: rudisha mkebe mtupu, ujaziwe tena.

Sharti gani hilo! Kwetu Embu chombo kilicholetwa na chakula hakirudi kitupu. Ukikirudisha hivyo, umemwambia aliyekupa kwamba ujirani umekwisha. Maziwa yalipoisha, mama hakutulia. Aliuinua mkebe, akauweka, akanitazama miguu, akatoka, akarudi.

Wanawake walipofunguliwa lango kwa muda mfupi wakatafute chakula, alikimbilia shamba letu lililogeuka pori, akaokota njahi, maharagwe yetu meusi, zilizosalia. Akaujaza mkebe, akanibeba mgongoni, tukaenda kwenye laini ya maziwa.

Bibi mzungu aliyegawa maziwa alichungulia ndani, akakunja uso. Ngari, askari wa kijiji, akatafsiri.

"Mama Igoki, anasema hawa watu hawataki kitu yako. Ni msaada tu. Lete mkebe mtupu ama utoke laini."

"Hawataki kitu changu kabisa?"

"Kabisa."

"Basi muulize, mtu asiyetaka kitu changu, ananitakia nini?"

Ngari hakutafsiri. Naye alikuwa Muembu, aliijua maana ya chombo kitupu.

Mgongoni niliogopa sana. Angeondoka kwa hasira, nisingekunywa tena. Kofia pana ya yule bibi ilikuwa mezani, imelala chali. Mama akamimina njahi zote humo, akagongagonga kitako cha mkebe isibaki hata moja, kisha akamnyooshea bibi mkebe.

"Huu hapa. Mtupu."

Wanawake wakaangua kicheko. Bibi akawa mwekundu. Akaitazama kofia yake, akanitazama mimi na miguu yangu, halafu akaujaza mkebe.

Mama hakungoja kufika nyumbani. Aliketi kando ya njia, akakoroga maziwa kwa maji ya kibuyu, akatulia.

"Kunywa, Igoki," akasema. "Leo haya ni maziwa ya jirani."