Ugali wa Mwalimu Godson

Mwalimu Godson alitoka Upare na cheti kizuri na suruali ya pasi, akapanga chumba cha uani kwangu hapa Heru Juu. Mkuu wa shule akamkabidhi hesabu za darasa la nne. Maskini, alidhani kujua hesabu na kufundisha hesabu ni kitu kimoja.

Mimi napika uji wa shule. Jiko liko nyuma ya darasa lake na madirisha hayana vioo, kwa hiyo somo la sehemu nililisoma upya bila ada.

"Ugali mmoja, watoto wanne. Kila mmoja atapata kiasi gani?"

Mwanangu Anania, asiye na haya, akadakia: "Inategemea, mwalimu. Nani ana mkono mwepesi?"

Godson akafoka. Akachora ugali ubaoni, akaukata kama keki. Nani hukata ugali wa muhogo? Kesho yake majibu yakawa yaleyale, na mkuu akamwambia palepale jikoni kwangu: "Ijumaa nitakaa nyuma ya darasa. Wasipoelewa, nakunyang'anya hesabu, nakupa michezo."

Michezo! Mtu aliyeshindwa kumkamata jogoo wangu aliyefungwa kamba mguuni!

Jioni nikamwita. "Mwalimu, leo hakuna sahani ya mgeni. Kaa hapa na wenzio."

Wanangu wanne na yeye, sinia moja. Alinawa kwa adabu, akasali kwa adabu. Alipofumbua macho, dagaa walikuwa wameshahama.

"Mama Esteri, hawa watoto hawagawani!"

"Wagawane ugali? Kwani ni urithi?"

Asubuhi, kabla ya shule, walikwenda kulima nyuma ya nyumba, kila mtoto na ngwe yake, kipande chake cha shamba. Esteri akapiga kelele kwamba chake kimezidi unyayo mmoja. Anania akachukua kamba yenye urefu wa shamba zima, akaikunja katikati, akaikunja tena, wakapima upya huku wakitukanana. Godson alisimama na mswaki mdomoni, povu likimdondoka shatini.

Ijumaa hakuchora ugali. Alichora shamba, akakunja kamba.

"Watoto wanne?"

"Robo, mwalimu!"

"Mmoja akitoroka?"

"Theluthi! Na tunamchongea kwa mama!"

Mkuu akainuka, ana hamu ya kuharibu. "Haya, na ugali mmoja, watoto wanne?"

Anania akamtazama kitambi. "Shikamoo, mkuu. Na wewe unakula?"

Darasa zima likaangua kicheko. Mwisho mkuu naye akacheka, kama mtu aliyefumaniwa na mnofu mdomoni. Hesabu zikabaki kwa Godson.

Siku hizi anasali macho wazi.