Bibi Aliyezimwa Sauti

Jamani, nimecheka mie! Pale ofisini kwetu kijijini Bigwa, tumekusanyika na wenzangu, mabosi wa Dar walikuwa kwenye skrini, wanataka shamba la bibi mmoja wachimbe kokoto. Kila bosi akitokea, bibi anainuka: "Hujambo baba? Mama yako mzima? Mvua mmepata huko?"

Fundi wa mtambo kule Dar akachoka. "Bibi, nawazima sauti kidogo, kikao kianze."

Zamu ya bibi ikafika. Akasimama, akaeleza kaburi la mwanawe lililopo shambani, machozi yanamtoka. Kumbe hatujarudishiwa sauti! Tukapunga mikono, tukapiga kelele, wapi.

"Naona bibi hana pingamizi," bosi akasema. "Tunashukuru." Skrini ikazimika.

Bibi akanigeukia. "Wamenisikia, mwanangu?"