Kona ya Viboko Haipitwi kwa Haraka

Saa tano na nusu asubuhi, mgeni anatokeza kwenye vichaka vya kando ya Mto Tana, mtungi mtupu mkononi, viatu vimejaa tope. Gari lake limechemka barabarani.

"Salaam aleikum, adeer," anamwita kwa heshima, kama ami yake. "Nisaidie maji ya rejeta."

Nunow Dagane, mwenye umri wa miaka 47, anaitikia kwa kichwa tu. Ndiyo kwanza amezima mashine ya kuvuta maji katika shamba la ndizi nje kidogo ya mji wa Garissa. Mashine inahitaji nusu saa ya kupoa, na nusu saa hiyo ni yake. Ameegemea pipa la dizeli, anapiga kaban, ala ya nyuzi iliyo ndugu ya udi.

Muziki wake hauna neno hata moja. Uzi mnene unakwenda taratibu kama kafi linalosukuma mtumbwi; nyuzi nyembamba zinarukaruka juu yake kama tumbili kwenye mikuyu. Mgeni anaweka mtungi chini, maji ameyasahau.

Mara vidole vinatulia. Kimya. Mgeni anapiga makofi.

"Bado," Nunow anamwambia. "Tuko kwenye kona ya viboko."

Muziki huo ni safari ya mtumbwi, na safari hiyo aliifanya kweli. Wakati wa mafuriko ya El Niño, akiwa kijana mpakiaji wa mizigo, alipanda mtumbwi wa mzee Salah kupeleka dawa na unga kwenye vijiji vilivyozingirwa na maji, kusini upande wa Ijara. Siku tatu ndani ya msitu. Naye ni mtoto wa wafugaji, hakujua kuogelea.

"Nilishika ukingo wa mtumbwi kama ninayeshika pembe za fahali," anakumbuka. "Salah alicheka nusura atuzamishe."

Kwenye kona moja Salah hakucheka. Aliinua kafi, akahesabu pumzi ishirini huku viboko wakivuka na watoto wao. Mdogo wake Salah alikuwa amepita hapo kwa haraka, asirudi tena.

Nunow alipoanza kuipiga safari hiyo kwa kaban, Salah alimwomba jambo moja tu: asiipite kona ile bila kusimama. Nunow akaahidi. Salah alifariki miaka minne iliyopita.

Mgeni anajitambulisha: ni Habibo, mnasa sauti wa filamu inayohusu misitu ya mto. Anampigia simu mkubwa wake Nairobi, anamsikilizisha kipande alichokinasa kwa simu na kumweleza kile kimya cha pumzi ishirini. Jibu linarudi upesi: shilingi elfu sitini kwa muziki huo, leo hii. Ila kile kimya kitolewe.

"Watazamaji watadhani sauti imekata," inasema simu.

Nunow hulipwa shilingi mia sita kwa siku. Kaban yake imepasuka tumboni. Ameifunga kwa mpira wa tairi, na jua likiwaka nyuzi zinalegea. Mpya ni elfu arobaini. Kwa miaka miwili amekuwa akiahirisha kuinunua, kwa sababu ya karo ya binti yake, Ikran.

"Adeer, ni pumzi ishirini tu," Habibo anasihi. "Nani atajua?"

Nunow anapapasa ule ufa kwa kidole gumba, muda mrefu.

"Watazamaji unaweza kuwaharakisha," anasema. "Viboko, huwezi. Mwambie hapana, na ashukuriwe."

Mkewe, Idil, aliyeleta chakula cha mchana, anashika kiuno.

"Elfu sitini zinakwenda kwa sababu ya kunyamaza! Mimi nyumbani nakwambia unyamaze, bure, na hunyamazi!"

Wote wanacheka. Kisha Idil anachuchumaa, anaukaza ule mpira wa tairi mwenyewe.

"Iko siku itapasuka kabisa," Nunow anasema. "Kabla ya hapo nataka Ikran aijue njia yote. Ameshafika kwenye mikuyu. Mikono anayo, subira ndiyo bado."

Kwa kuwa kona ilikatizwa na makofi, anaanza upya, tangu Garissa. Kafi, tumbili, mikuyu. Vidole vinainuka.

Simu inatetemeka mkononi mwa Habibo. Anaizima bila kuitazama. Safari hii hapigi makofi. Midomo yake inahesabu.

Pumzi ya ishirini inatoka, na kafi linaingia majini.