Sauti katika Ghala la Pamba

Ipo siku moja, mwanangu, ambayo mpaka leo nikiikumbuka mwili unanisisimka. Nilikuwa msichana ambaye bado hajaolewa, kwetu kijijini, si mbali na Mwandoya. Nakusimulia kwa sababu juzi nilikuona sebuleni umejifunika kitenge mpaka puani, ukiwatazama kwenye televisheni wale watu wanaoingia katika majumba matupu kutafuta mizimu. Ukaniuliza, "Bibi, haya mambo ni ya kweli?" Jibu langu ni refu kidogo, kwa hiyo kaa vizuri.

Enzi zile Mwandoya palikuwa na banda la video. Siku za mnada mwenye banda aliwasha jenereta, nasi tukajazana humo. Siku hiyo alituwekea mkanda wa kipindi kama hicho chenu: Wazungu wanazunguka na tochi ndani ya nyumba mbovu, na kijana mmoja anatutafsiria kwa sauti ya kutisha kuliko picha yenyewe. Akasema mzimu hauji hivi hivi, lazima una mtu anayeutuma. Kama Mzungu alisema hivyo kweli au kijana alitia chumvi, sijui. Tulirudi kijijini na neno hilo.

Pale kijijini kulikuwa na ghala la zamani la pamba, halitumiki tena. Karibu nalo aliishi Bibi Holo, mjane asiye na mtoto, macho mekundu kwa miaka mingi ya kupikia kinyesi cha ng'ombe kilichokauka, maana kuni kwetu ni shida. Hazikupita siku nyingi baada ya ule mkanda, watu wakaanza kusikia sauti ndani ya ghala. Ilianza jua likizama. Ilikuwa kama mtu mzima anayevuta pumzi kwa taabu, anapumzika, anavuta tena. Nami niliisikia. Sikudanganyi, mwanangu, ile sauti ilikuwepo.

Kisha mtoto wa jirani yetu Shija akashikwa na homa kali. Asubuhi Shija akatoka na fimbo, wanaume wakamfuata, wakasimama uani kwa Bibi Holo. Shija alikuwa analia. Mwanaume wa Kisukuma analia mbele za watu, hapo ujue mambo yameharibika.

"Mtoe huyo unayemtuma!" akasema. "Mtoe ndani ya ghala, mwanangu apone!"

Bibi Holo alikuwa amekaa kizingitini na bakuli la mchicha mapajani. Hakukimbia. Majani yalikuwa yanadondoka chini, naye anayaokota moja moja.

Ndipo akafika guku wangu, babu mzaa baba, anachechemea na goti lake bovu. Akasalimia kwanza, "Mwangaluka," kana kwamba amekuta watu wanapumzika tu. Wachache wakaitikia kwa aibu. Akamgeukia Shija.

"Mtoto yuko wapi?"

"Nyumbani, na mama yake."

"Homa imempanda, nawe umekuja kusimama huku? Mke wako ampeleke zahanati sasa hivi, apakiwe kwenye baiskeli. Sisi twende ghalani. Kama kuna kitu, kitakuwemo hata mchana huu."

Mwanamke alipelekwa kwa baiskeli ya mjomba wangu, mtoto kifuani. Sisi tukaenda ghalani. Ngazi ikaegemezwa ukutani, kwenye uwazi chini ya bati. Guku akauliza nani anapanda. Wanaume wote wale, na fimbo zao, wakatazama chini. Goti lake lisingeweza. Nikajisikia nasema, "Nitapanda mimi." Mpaka leo sijui ujasiri ule niliutoa wapi. Labda niliona tu yale majani ya mchicha.

Nikapanda. Nilipofikisha kichwa juu, ile sauti ikaanza mbele ya uso wangu, kali, kama maji yanamwagikia makaa. Nikashika ngazi kwa nguvu. Mwanga ulikuwa unaingia kupitia tundu la bati, na katikati ya mwanga ule nikaona nyuso nyeupe, za mviringo, zinaniangalia. Kubwa kidogo, ndogo, ndogo zaidi. Zilikuwa zinayumba kushoto na kulia, zote pamoja, polepole, kama watu wanaocheza ngoma nisiyoisikia. Nyuma yao alisimama mama yao, mabawa ya rangi ya dhahabu yamenyunyiziwa vitone vyeusi, macho meusi kabisa. Hakuruka. Aliniangalia, nami nikamwangalia. Mwanangu, nimekwenda kanisani maisha yangu yote, lakini siku ile ndiyo niliyojifunza maana ya kunyamaza mbele ya Mungu.

"Umeona nini?" wakauliza chini.

"Bundi," nikasema. "Na watoto wake."

Nilidhani nimemaliza kesi. Kumbe nimeichochea! "Si mnaona? Bundi! Ndiye anayetumwa!" Fimbo zikainuka tena.

Guku hakubishana nao. Alimshika Shija bega. "Basi panda wewe. Kamwone huyo aliyetumwa kwako."

Shija akapanda. Akakaa kule juu muda mrefu, sisi tunaona miguu yake tu. Aliposhuka alikuwa na vumbi usoni na njia mbili za machozi. Akatutazama kama mtu aliyeamshwa.

"Ni vitoto," akasema. "Vinalilia chakula." Akaiacha fimbo pale pale, akaanza kukimbia kuelekea zahanati kwa mtoto wake.

Ilikuwa malaria. Mtoto alipona. Bibi Holo aliishi miaka mingi, akafa kitandani kwake, ingawa wapo waliopita mbali na ua wake mpaka mwisho. Shija hakuwahi kumwomba radhi kwa maneno. Mke wake ndiye aliyekuwa anampelekea maji.

Jioni ile nilimuuliza guku, "Kwa hiyo mizimu hakuna?"

Akacheka kidogo. "Sijasema hivyo. Mimi mwenyewe nawaita wazee wangu waliotangulia, na sijui wananisikia vipi. Dunia ni kubwa kuliko kichwa changu. Lakini usilolijua, usimbebeshe mtu."

Basi, mwanangu, hilo ndilo jibu langu. Tazama vipindi vyako, shtuka, jifunike kitenge. Lakini jiulize kwa nini wale watu hukimbia ubao wa sakafu ukilia, na hawarudi mchana kutazama. Ukiogopa, sogea karibu uone. Mgonjwa mpeleke hospitali kwanza, maswali yatafuata. Na akitajwa mzee wa watu kuwa ndiye chanzo, simama upande wake hata kama uko peke yako. Kushangaa si dhambi. Mimi mpaka leo nashangaa. Dhambi ni kuutafutia mshangao wako mtu wa kuumiza.

Mungu akutie moyo wa kupanda pale wengine wanapotazama chini. Akupe uzee mtulivu, na majirani watakaokuitikia salamu kwa furaha. Amina, mwanangu.