Chaga za Kitanda cha Lazaro

Zita aliliona sanduku kabla hajavua viatu, na damu ikamchemka. Lilikuwa juu ya meza, sebuleni kwa marehemu kaka yake pale Kizwite: mninga mtupu, limepigwa vanishi, lina mfuniko wenye msalaba na satini nyeupe ndani. Katika satini hiyo zililazwa pedali za gitaa la Lazaro, zile alizokuwa akizikanyaga kanisani kubadili sauti: ya mwangwi, ya kukoroma, na ile ya kulia.

"Tumezichagulia ubao wa heshima wa kuzipangia, dada Zita," alisema Mwalimu Adriano wa kwaya. "Kesho, misa ya arobaini, tunauweka mbele ya altare."

"Ubao? Mwalimu, hili ni jeneza."

Fundi Benjamini, seremala aliyelichonga, akakohoa. Ndiye aliyechonga hata jeneza la Lazaro mwenyewe. Mkono ulikuwa umefuata ulichozoea.

"Haya, Gaudiosa, kanyaga," Zita aliamuru.

Gaudiosa, binti wa marehemu, ndiye angepiga gitaa kesho mahali pa baba yake. Akaliteremsha sanduku sakafuni, akaingiza mguu. Kisigino kikagota ukingoni. Vidole vikaning'inia hewani.

"Nilipewa vipimo vya vidude," Benjamini akajitetea. "Vya mguu sikupewa."

"Basi apige bila pedali," alisema Adriano. "Hizi zibaki kumbukumbu. Bwana ametoa, Bwana ametwaa."

"Bwana amemtwaa kaka yangu! Pedali mnazitwaa ninyi! Mmeshamzika mara moja, hamjatosheka?"

Lazaro alilima ulezi, akauza ulezi, akanunua pedali moja moja. Alizibeba kwenye kiroba nyuma ya bodaboda mpaka harusi za Chala, nyaya zimesokotana, na kila alipofika alizipanga chini upya huku watu wakimzomea achangamke. Alikuwa akitafuta ubao: mwepesi, wenye nafasi za kupitishia nyaya, ulioinuka nyuma kidogo. "Mguu ndio unaochagua," alizoea kusema. Homa ikamwahi.

Zita akaingia chumbani. Kitanda cha Lazaro kilikuwa kimesimamishwa ukutani tangu siku ya mazishi, kama desturi ya ukoo wao. Akafungua kamba, akachomoa chaga nne.

"Kitanda cha marehemu hakiguswi kabla ya arobaini!" Adriano akapaza sauti mlangoni.

"Arobaini ni kesho. Mungu atanisamehe hii siku moja. Wewe mwombe akusamehe yako. Fundi, msumeno!"

Benjamini hakungoja kuambiwa mara ya pili. Alizikata fupi, akazipigilia kwenye vipande viwili vya mti, akiacha nafasi kati ya chaga na chaga, nyuma akaweka kigingi cha kuinua. Zita akazifunga pedali kwa vipande vya mpira wa baiskeli, akivuta kwa meno kana kwamba anamkaba mtu. Nyaya zikazama chini, zikatulia.

"Na sanduku nilifanyeje?" aliuliza Adriano, taratibu sasa.

"Tia humo vitabu vyako vya nyimbo, ufunike."

Gaudiosa akachomeka gitaa kwenye spika. Akakanyaga ya mwisho, na gitaa likalia vile vile lilivyokuwa likilia Jumapili zote. Zita akageuza uso, akaanza kung'oa ile satini sandukuni.

"Shangazi," alisema Gaudiosa, "pedali inasogea kidogo."

"Fundi, kaza hapo!" Zita alifoka, bila kugeuka.