Minazi Yangu ya Magogoni

Nichekeni, wenzangu, lakini polepole.

Vijana wetu wanaosoma chuoni Uganda walipokuja likizo, waliwaonyesha watu wa Frere Town utafiti wao kwa michoro. Nami niliyejisomesha mwenyewe, kwa hamu ya kuhesabiwa mwenzao, nikaleta utafiti wangu wa minazi ya kwetu Magogoni.

Kando ya kila mnazi nilimchora Dama, binti wa jirani, awe kipimo cha urefu. Alikuwa keshahamia Changamwe, basi nilimchora kwa kumkumbuka, nikifuta na kurudia hadi karatasi ikatoboka.

"Ndugu yangu, mbona minazi ni vijistari tu, na msichana ana kila ushanga?" akauliza mwanafunzi mmoja.

Kumbe! Nikaifunika picha ya Dama kwa kiganja.

"Haya, huu una urefu gani?" Akaonyesha mnazi mmoja.

"Ananifikia hapa," nikajibu, nikijishika bega.