Fa ya Mwalimu

Mimi ni mtu wa kusema. Nauza nafaka mtaa wa Free Area, hapa Nakuru, na muuza nafaka asiyejua kusema ataletewa mahindi mabichi aambiwe yamekauka. Nimemwambia mchungaji wangu kwamba mahubiri yake ni marefu. Nimemwambia dada yangu, mezani, kwamba mwanamume aliyetuletea anakula kama mtu asiye na mpango wa kurudi kwao. Kwa hivyo nikisema kuna jambo nimeshindwa kulitamka tangu mwaka juzi, wanaonijua hucheka wakidhani nawatania.

Jambo lenyewe ni kwamba Mwalimu wetu wa kwaya anapoteza masikio, na hakuna anayemwambia kwamba anatupoteza na sisi.

Kwaya yetu si ya kanisa lolote. Tunakutana katika ukumbi wa shule ya chekechea, watu wazima jioni za katikati ya wiki, watoto Jumamosi asubuhi. Watu wazima tunakalia viti vya chekechea, magoti yakigusa kidevu, kwa hivyo hata mwenyekiti wetu, ambaye ni mzee wa heshima na tumbo lake, huonekana kama aliyefukuzwa darasa la juu. Wengi wetu wazazi wetu walitoka magharibi mwa Kenya kuja kufanya kazi reli na viwandani. Wengine wanateremka kutoka mashambani huko Njoro wakiwa na tope kwenye viatu. Tunaimba katika mazishi, katika harusi, na mara moja kwa mwaka katika tamasha la kwaya za mitaa. Lakini fahari yetu ni lile darasa la watoto. Mtoto yeyote anaingia, na akitoka anajua kusoma noti.

Mwalimu ana sheria mbili, na hajazibadilisha tangu nimjue. Ya kwanza, hakuna maneno mpaka noti zikae. Wiki nzima, hata tatu, ni do, re, mi, na mkono wake ukituonyesha kila noti hewani: ngumi ni do, kiganja wima ni so, kidole gumba kikielekea chini ni fa. Ya pili, hakuna kinanda. Mtu mmoja aliwahi kutuletea zawadi ya kinanda kizuri kabisa, Mwalimu akamshukuru, akakipeleka ofisini kwa mwalimu mkuu ambako mpaka leo kinawekewa maua. Alisema kinanda kinalemaza mwimbaji. "Hapa midomo ni mingi," alizoea kutuambia, "lakini sikio ni moja." Sikio hilo lilikuwa lake. Tuliimba, yeye akasikia, na alichosema amesikia ndicho kilichokuwa kweli.

Na kwa miaka mingi kilikuwa kweli. Mimi alinipata nikiwa msichana katika kota za reli, darasani nashika mkia, kila ripoti ikiniletea kichapo. Alinisimamisha mbele ya watoto wenzangu na kuniuliza noti niliyosikia. Nikasema ni la. Akaniuliza nyingine, nikajibu. Akawaambia wale watoto, "Huyu ana masikio." Hakuna mtu aliyewahi kuniambia nina kitu. Nilikwenda nyumbani nikiyashika masikio yangu kwa mikono miwili. Ukitaka kujua kwa nini mdomo wangu unafanya kazi kila mahali isipokuwa mbele ya mzee huyo, sababu ni hiyo.

Dalili zilianza na ule uma wa chuma wa kupimia sauti, anaotumia kutupatia noti ya kuanzia. Siku zote aliugonga gotini na kuuweka karibu na sikio. Siku moja aliugonga, akausogeza sikioni, akakunja uso, kisha akauuma kwa meno. Alisimama hapo ameung'ata, macho yamefumba, akiisikia noti kwenye mifupa. Sauti ya tatu, wale wanaume wanaojiona, wakacheka kidogo. Mimi sikucheka.

Baadaye ikaja fa. Tulikuwa tunajifunza wimbo alioutunga mwenyewe, juu ya treni inayopanda kutoka Nakuru kwenda Timboroa, na pale treni inapofika kileleni sauti ya kwanza inashika fa moja ndefu huku sisi wengine tukishuka chini yake. Ni mahali pazuri sana. Mwalimu akatusimamisha.

"Sauti ya kwanza, mko chini."

Hawakuwa chini. Mimi ni sauti ya pili, nasimama kando yao, na ile fa ilikuwa pale inapokaa fa. Wakaimba tena. Akainua kidole gumba taratibu, kama mtu anayesukuma mlango uliokwama. "Chini. Pandisheni." Wale wanawake wakaangaliana. Mmoja akapandisha kidogo, wengine wakamfuata, na uso wa Mwalimu ukafunguka. "Hiyo," akasema. "Hiyo sasa ndiyo fa."

Kati ya mi na fa hakuna safari, ni kama kutoka sebuleni hadi jikoni katika nyumba zetu. Ukiipandisha fa hata kidogo, umeshatoka nje kwa mlango wa nyuma. Ile noti yetu mpya haikuwa fa, haikuwa so, haikuwa na jina. Lakini tuliishika. Nani angemwambia mtu aliyekufundisha kusikia kwamba hasikii? Tulifikiri ni mafua, kwamba wiki ijayo atarudi sawa.

Wiki iliyofuata ilikuwa hivyo hivyo. Ikawa hivyo katika nyimbo zote. Nasi tukazoea, tukawa tunapandisha kabla hajatusimamisha ili tusimwone akihangaika. Tulifika mahali mgeni akijiunga na kwaya tunamnong'oneza pembeni, "Kwetu fa iko juu kidogo," kama vile unavyomwambia mgeni bomba la maji la kwenu linafunguliwa kwa kushoto.

Tulipokaribia tamasha, mwenyekiti alikuja dukani. Alipima maharagwe kwa vidole muda mrefu bila kununua.

"Si umwambie wewe," akasema. "Wewe ndio uko na mdomo."

"Na wewe uko na cheo."

"Mimi nitamwambiaje mzee kama huyo? Heshima si utumwa, najua. Lakini pia… apana. Tufanye hivi. Next practice tuimbe ile fa ya ukweli. Labda akiisikia tu, sikio lirudi."

Nililiona ni wazo la mjinga, na nikalikubali kwa sababu sikuwa na lingine. Jioni ya mazoezi tukaimba fa ya kweli, kwaya nzima, safi. Sijawahi kuona uso wa mtu ukianguka vile. Alitusimamisha, akataka turudie, tukarudia vile vile. Akakaa kwenye kiti kimoja kidogo. Hakukasirika, afadhali angekasirika. Alisema, "Mmechoka leo. Ni kosa langu, nawakimbiza." Tukasimama pale tukiangalia michoro ya watoto ukutani, ndizi na gari na bata. Halafu mama mmoja wa sauti ya kwanza, machozi yakimtoka, akaanza ule mstari peke yake na kuipandisha fa pale Mwalimu anapoitaka. Mwalimu akainua kichwa. Sote tukaingia.

Kwa hivyo Jumapili nilikwenda kwake, nikabeba unga na majani chai kama inavyopasa. Mkewe alinifungulia. Televisheni ilikuwa inanguruma mpaka sahani zinatetemeka kabatini.

"Karibu mama," akaniambia sikioni. "Usishtuke na hiyo kelele. Hapa tunaongea mpaka majirani wanajua tumepika nini. Kijana wetu alimnunulia mashine ya masikio, akaivaa siku mbili. Ati inafanya watu walie kama kuku."

Alituacha sebuleni na chai. Nilikuwa nimejiandaa njia nzima. Niliinama karibu naye nikasema, kwa sauti yangu ya kawaida ambayo wateja wangu huilalamikia, "Mwalimu, kuna kitu kuhusu fa."

Akaitikia kwa kichwa, kwa huruma kubwa. "Ni kweli. Na mvua ikiendelea hivi, wale wa Kihoto, kule Naivasha, maji ya ziwa yatawahamisha tena."

Ndipo nilipoelewa ukubwa wa shida yangu. Kumwambia kwa upole hakuwezekani. Jambo hilo lingesemwa kwa kupiga kelele tu, jikoni wasikie, wapangaji wa ploti nzima wasikie: Mwalimu, husikii, tunaimba vibaya kwa ajili yako. Nilifungua mdomo. Nilivuta hata pumzi, kutoka tumboni, kama alivyonifundisha yeye. Nikapaza sauti nikamwambia chai ni tamu. Mkewe alikuwa amesimama mlangoni, na alivyoniangalia niliona kwamba alijua nilichokuwa nimekuja nacho na kwamba yeye mwenyewe amekibeba kwa muda mrefu kuliko mimi. Hakunilaumu. Alinifungia mayai kwenye gazeti.

Siku ya tamasha tulivaa sare zetu za bluu. Ukumbi ulijaa mpaka madirishani. Hatukuwa tumekubaliana lolote, na hilo ndilo lililotumaliza. Tulipofika pale treni inapofikia kilele, nusu ya sauti ya kwanza ilimwangalia Mwalimu na kuimba fa yake. Nusu nyingine iliwaangalia watu na kuimba fa ya kweli. Zile noti mbili zikasuguana hewani kama bati juu ya bati, na kwa kuwa ni noti ndefu zilisuguana kwa muda. Mwalimu alikuwa mbele yetu, kidole gumba hewani, amefumba macho, anatabasamu.

Jaji alikuwa binti kijana mwenye sauti tulivu. Kila kwaya ilisimama kupewa maoni yake.

"Wimbo ni mzuri, na uongozaji ni safi kabisa," akasema. "Lakini sauti ya kwanza, pale juu mliimba noti mbili kwa moja. I think hamsikilizani. Na sikio la kwaya ni kitu ya kwanza."

Mwalimu alikuwa akiuangalia mdomo wake na kuitikia kwa kichwa, kwa adabu. Alipomaliza, akatugeukia. "Amesema nini?"

Mwenyekiti akaniangalia mimi, nami nikaangalia viatu vyangu. Basi yeye akasogea, akaweka mkono begani kwa Mwalimu na kupaza sauti mpaka nyuma kabisa wakasikia: "Amesema uongozaji ni safi!"

Watu wakapiga makofi. Hawakujua la kufanya, wakapiga makofi. Mwalimu akauliza, "Na ile fa?" Mwenyekiti akamwonyesha dole gumba, juu kabisa, na mzee akacheka kama mtoto. Nilitaka kulia na nilitaka kumpiga mtu, na sikujua ni nani.

Hatukushinda chochote, na hilo si neno, hatujazoea kushinda. Nilijiambia kwamba hasara ni yetu wenyewe. Sisi ni watu wazima, tuna nyumba na biashara, tukiimba vibaya kwa kumpenda mtu hakuna aliyekufa. Siku atakapochoka tutamwimbia kwaheri na kuirudisha fa mahali pake. Tunajua pale inapokaa, aliyetuonyesha ni yeye. Nililala vizuri kwa wazo hilo kwa wiki kadhaa.

Halafu jioni moja binti yangu alikuwa anaosha vyombo. Yuko darasa la nne, na tangu mwaka jana nampeleka kwa Mwalimu Jumamosi, kwa sababu shuleni anashika mkia kama mama yake na nilitaka naye ajue ana kitu. Alikuwa anaimba ngazi ya noti huku akisugua sufuria, do, re, mi, sauti nyepesi, safi. Alipofika fa akapanda. Hakubahatisha wala hakusita. Alikwenda moja kwa moja kwenye ile noti yetu isiyo na jina na kusimama juu yake kwa raha, kisha akaendelea na so.

Niliweka chini mchele niliokuwa nachagua. "Rudia hapo kwa fa."

Akarudia. Ilikuwa pale pale.

"Iko juu kidogo, mwanangu. Shusha. Sikiliza." Nikamwimbia. Fa ya kweli, ile niliyopewa katika kota za reli.

Alinisikiliza na mikono yake ikidondosha povu. Hakubisha. Alinitazama kwa upole ambao sikuwahi kuuona kwake.

"Mwalimu alituambia," akasema. "Alisema nyinyi watu wakubwa masikio yenu imezeeka, mnaimba fa ikiwa chini. Alisema tusiwacheke."

Nikasema, "Mwalimu…" na hapo nikakwama, kama siku zote.

Alingoja nimalize. Alipoona simalizi, akafuta mikono kwenye gauni na kunisogelea mpaka karibu na sikio langu. Akavuta pumzi kutoka tumboni, akanyoosha kidole gumba kuelekea chini, akaniimbia tena fa ya Mwalimu, kwa sauti kubwa zaidi, ili nisikie.